Je, Ni Haki Kumtazama Jirani na Kumwandika?

Sisi tuandikao maneno haya ni mwalimu wa shule ya kijijini, na neno tunalotaka kulileta mbele ya wasomaji limetoka katika kosa letu wenyewe. Kwa hiyo twaomba mtuvumilie, maana hatupendi kuwahukumu wengine kabla ya kujihukumu sisi.

Miaka kadhaa iliyopita ulitokea msiba kijijini kwetu. Kijana mmoja alifariki baada ya kuugua muda mrefu, nasi tukaenda matangani kama wenzetu. Lakini mfukoni tulikuwa na daftari dogo. Tulikuwa tumeazimia kuandika desturi za watu wetu kabla hazijasahauliwa, tukaona kwamba matanga ni mahali pema pa kuanzia. Basi tukaketi pembeni tukaandika: nani amekuja, nani ameleta mchele na nani ameleta kuni, nani amelia na nani amekaa kimya. Hatukumwambia mtu. Katika ukurasa mmoja tuliandika hivi: "Mama mdogo wa marehemu hakulia hata mara moja. Alipika na kuteka maji kana kwamba hakuna lililotokea."

Siku ya tatu daftari lile lilituanguka. Mtoto mmoja wa shule akaliokota, na mama yule yule, asiyejua kusoma, akamwambia, "Hebu nisomee, mjukuu wangu, mwalimu wetu ameandika nini." Mtoto akasoma. Alisoma vizuri, kama tulivyomfundisha.

Jioni mama yule akaja mlangoni petu na daftari mkononi. Hakutukana wala hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu, uliyoyaandika ni kweli. Sikulia. Lakini mbona hukuniuliza?" Akaliweka daftari kizingitini, akaenda zake.

Tangu siku ile swali lake limetukaa moyoni. Je, ni haki kuwatazama watu na kuiandika mienendo yao? Na ikiwa ni haki, ni kwa njia gani? Swali hili si letu peke yetu. Siku hizi waja vijijini watu wengi wenye karatasi za maswali: huyu auliza tunakula nini, huyu auliza tunalala wangapi chumbani, huyu ahesabu mbuzi. Wengine wametumwa na serikali, na wengine na mashirika ya watu binafsi. Twawajibu, nao huenda zao, na mara nyingi hatusikii tena habari za majibu yetu. Basi yafaa tulifikiri neno hili kwa utulivu. Nasi tumeona kwamba njia njema ya kulifikiri ni kutazama habari za shirika moja la Uingereza lililofanya kazi hii kwa bidii kuliko mengi, likafanya mema na likafanya makosa.

Shirika hilo liliitwa Mass-Observation, maana yake kuwatazama watu wote. Lilianzishwa mwaka 1937 na vijana watatu: Charles Madge, mshairi na mwandishi wa gazeti, Humphrey Jennings, mchoraji na mtengenezaji wa filamu, na Tom Harrisson, aliyekuwa mtazamaji wa ndege. Halikuwa shirika la serikali. Lilijitafutia fedha lenyewe, kwa wachapishaji wa vitabu na kwa matajiri wachache waliolipenda.

Sababu ya kuanzishwa kwake ni hii. Mwezi wa Desemba mwaka 1936 Mfalme Edward wa Nane aliacha kiti cha enzi ili amwoe mwanamke aliyempenda. Magazeti yakasema, "Watu wa Uingereza wanafikiri hivi," na wakubwa wakasema, "Watu wanafikiri vile." Vijana wale wakauliza: Ni nani aliyewauliza watu wenyewe? Wenye magazeti walikuwa wakinena kwa kinywa cha mfanyakazi wa kiwandani, ilhali hawakupata kuketi naye. Ndipo vijana wakaazimia kuzikusanya habari za watu wa kawaida: wasemavyo, wafanyavyo, wacheavyo, hata wazikavyo maiti. Katika barua waliyoipeleka gazetini mwezi wa Januari mwaka 1937 walitaja mambo waliyotaka kuyachungua. Miongoni mwake yalikuwamo mwenendo wa watu mbele ya minara ya kumbukumbu ya vita, makelele ya waendesha magari, ndevu na nyusi, na mazishi.

Hapo twaomba msomaji asimame kidogo. Sisi Waafrika twaijua kazi ya namna hii, maana ilifanywa juu yetu. Kwa miaka mingi wageni waliandika habari za ndoa zetu, matambiko yetu na vilio vyetu, na wengi wao walidhani kwamba watu wenye desturi ni sisi tu, bali wao wana akili. Harrisson alikuwa ameishi katika kisiwa cha Malekula, katika visiwa vya New Hebrides, ambavyo leo huitwa Vanuatu, akaziandika habari za watu wa huko. Kisha akajiuliza kwa nini asiwatazame watu wa nchi yake kwa jicho lile lile. Kule visiwani alikuwa ameiona kampuni ya Unilever ikifanya biashara, na William Lever, mwenye sabuni, ambaye kutoka kwake sehemu moja ya kampuni ile ilitokea, alizaliwa katika mji wa Bolton, kaskazini ya Uingereza. Basi Harrisson akaifuata njia ya biashara ile mpaka Bolton, mji wa viwanda vya kusokota pamba, akafanya kazi kiwandani kama mtu wa kawaida.

Tendo hilo lina haki ndani yake. Mtu ambaye amemwandika mwenzake imempasa kukubali kuandikwa yeye na watu wake. Wala si ajabu kwamba profesa Malinowski, mwalimu mashuhuri wa elimu ya desturi za watu huko London, mwaka mmoja tu, yaani 1938, aliandika dibaji ya kitabu cha Jomo Kenyatta, *Facing Mount Kenya*, na pia aliandika makala katika kitabu cha Mass-Observation cha kazi ya mwaka wa kwanza. Kenyatta alikuwa mwanafunzi wake, naye aliwaandika Wagikuyu, watu wake mwenyewe. Huku Mwafrika aliandika habari za kwao, na kule Waingereza waliandika habari za kwao. Wote wawili walikuwa wakisema neno moja, kwamba nyumba huelezwa vizuri na akaaye ndani. Wazee wetu walilisema zamani: siri ya mtungi aijuaye kata.

Lakini je, Harrisson na wenzake walikaa ndani ya nyumba, au walichungulia dirishani? Hapa ndipo swali la mama mdogo linapoingia.

Huko Bolton, mji ambao katika maandishi yao waliuita Worktown, maana yake Mji wa Kazi, watazamaji waliingia kila mahali: makanisani, mikutanoni, sokoni, na katika vilabu vya bia. Wakaenda na saa zao wakapima mtu humaliza bilauri ya bia kwa muda gani. Wakaona jambo ambalo hata wanywaji wenyewe hawakulijua, kwamba watu wakinywa pamoja hulingana, hata bilauri zao huelekea kwisha kwa wakati mmoja. Waliona kwamba hata kipofu akiketi na wenzake hunywa sawasawa nao. Kwa sisi tulio na vilabu vya pombe katika vijiji vyetu, neno hili lafundisha. Yaani mtu hanywi kwa kiu yake tu. Hunywa kwa kufuata kundi. Basi anayetaka kumsaidia mlevi asiitazame bilauri peke yake, bali amtazame na rafiki zake. Faida hii ilipatikana kwa kutazama, wala isingalipatikana kwa kuuliza, maana hakuna mnywaji ambaye angalijibu hivyo.

Hatuwezi kuidharau faida hiyo. Na iko nyingine iliyo kubwa zaidi. Vita ilipoanza mwaka 1939, serikali ya Uingereza ilibandika matangazo mekundu yenye taji ya mfalme, yakiwaambia watu kwamba ushujaa wenu, uchangamfu wenu na uthabiti wenu vitatuletea sisi ushindi. Walioyaandika walidhani ni maneno ya kutia moyo. Mass-Observation ikawasikiliza watu, ikaona kwamba wengi hawakuguswa. Na wako waliosema: tazama, ushujaa ni "wenu," bali ushindi ni "wetu." Kana kwamba wadogo watajitaabisha na wakubwa watafaidi. Neno dogo kama "wenu" laweza kuvunja mioyo ya taifa, na mkubwa asijue, kwa kuwa hakuna amwambiaye. Basi mtu akilifikisha sauti ya mdogo masikioni mwa mkubwa, amefanya kazi njema.

Hayo ndiyo mema. Sasa tuyatazame mengine.

Mpiga picha mmoja wao, Humphrey Spender, alikwenda Bolton na kamera ndogo, mara nyingi ameificha ndani ya koti, akapiga mamia ya picha za watu wasiojua kuwa wanapigwa. Picha zile ni nzuri, na leo ni hazina ya mji ule. Lakini yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba kazi ile ilimtaabisha moyoni, maana alijiona mgeni aliyejiingiza katika maisha yasiyo yake. Sisi tuliyasoma hayo tukalikumbuka daftari letu mfukoni. Koti la Spender na mfuko wetu ni kitu kimoja.

Tena, jicho lililozoea kutazama hupata wanunuzi. Mwaka 1940 Wizara ya Habari ya Uingereza iliilipa Mass-Observation ipeleke habari za mioyo ya watu wakati wa vita. Mwaka huo huo serikali ilikuwa na waulizaji wake yenyewe waliopita nyumba kwa nyumba, na magazeti yakakasirika yakawaita wapelelezi wa Duff Cooper, kwa jina la waziri. Na baada ya vita, mwaka 1949, Mass-Observation iligeuzwa kuwa kampuni ya kuchungua soko, yaani kuwatazama watu ili wenye bidhaa wajue namna ya kuuza. Hatusemi kwamba kuuza ni dhambi. Twasema tu kwamba mtu aliyemfungulia mtazamaji mlango ili taifa limjue, hakumfungulia ili muuzaji apate kumjua.

Pengine msomaji atasema, "Mwalimu, wewe wataka lisilowezekana. Mtu akijua kwamba anatazamwa, hujirekebisha. Usipojificha, hutaiona kweli." Neno hili ni zito, nasi twalijua sana. Mkaguzi wa shule aingiapo darasani, watoto huketi wima, ubao hung'aa, na mwalimu mwenyewe hunena kwa upole ambao hawajausikia tangu mwaka kuanza. Je, mkaguzi ameiona shule? Hakuiona. Ameona shule iliyovaa nguo ya sikukuu.

Basi twajibu hivi. Yako mambo ambayo mtu huyafanya hadharani mbele ya macho ya wote: namna ya kuvuka barabara, namna ya kupanga foleni, namna ya kunywa pamoja na wenziwe. Anayeyatazama hayo bila kutaja jina la mtu hakumwibia mtu kitu. Lakini yako mambo mengine, kama kilio, sala, ugonjwa na ugomvi wa mume na mke, ambayo mtu huyafunua kwa sababu amewaamini walio karibu naye. Anayeyachukua haya kwa siri ameiba, hata kama hakuchukua senti. Ameiba imani.

Wala si wizi tu; ni ujinga pia. Jicho lililojificha huona tendo, lakini sababu ya tendo halioni. Sisi tuliona kwamba mama mdogo hakulia, nayo ilikuwa kweli. Lakini kweli ile, pasipo sababu yake, iligeuka kuwa uongo katika daftari letu, maana kila aliyeisoma angalidhani kwamba mama yule hana huruma. Mtu aweza kuandika maneno ya kweli matupu, na kitabu chake kizima kikawa ushahidi wa uongo juu ya jirani yake. Hili ndilo tunalotaka walimu wenzetu na vijana wetu waliosoma walitie akilini. Tumefundishwa kwamba kuandika tulichokiona kwa macho yetu kwatosha. Hakutoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na Mass-Observation yenyewe yatuonyesha njia iliyo bora, kwa kuwa ilikuwa na mkono wa pili. Pamoja na watazamaji wa Bolton, iliwaita watu kutoka pande zote za nchi wajiandike wenyewe. Tangu Februari mwaka 1937 watu wa kujitolea walikuwa wakiandika habari za siku yao tarehe 12 ya kila mwezi. Na tarehe 12 Mei mwaka huo, siku ya kutawazwa Mfalme George wa Sita, habari zao zilikusanywa zikatiwa kitabuni. Vita ilipofika, watu wapatao 480 waliandika habari zao za kila siku wakazipeleka. Hakuna aliyewachungulia. Walikuwa makarani, walimu, wake wa nyumbani, wazee kwa vijana.

Mmoja wao alikuwa Nella Last, mke wa fundi seremala katika mji wa bandari wa Barrow-in-Furness. Alianza kuandika mwaka 1939, akajitambulisha kwa maneno machache tu, kwamba ni mke wa nyumbani mwenye miaka 49. Akaendelea hata miaka ya 1960. Aliandika habari za mikate, mabomu, wanawe, kazi yake ya kujitolea, na upweke wake ndani ya ndoa. Hakuwa mtu mkubwa. Jirani aliyemtazama dirishani angaliona mwanamke anayepika na kushona, basi. Lakini maandishi yake yalipochapishwa kuwa kitabu mwaka 1981, watu walikuta ndani yake moyo mpana ambao hapana mtazamaji aliyejificha angaliweza kuuona. Leo maandishi hayo yote yamehifadhiwa chini ya Chuo Kikuu cha Sussex, wazi kwa watu wote. Na tangu mwaka 1981 kazi ya kuwaomba watu wajiandike imeanzishwa tena, nayo yaendelea.

Basi tukiyapima hayo, twaona kwamba kumtazama jirani na kumwandika si dhambi. Ni kazi yenye manufaa, ikiwa inalindwa kwa mambo matatu.

Kwanza, mtazamaji awe tayari kutazamwa. Asiyekubali watu waandike habari za nyumba yake asiandike za nyumba za watu. Aulizaye aulizwe pia: Umetumwa na nani? Nani anakulipa? Majibu yetu yatakwenda wapi? Mwanakijiji aulizapo hivyo, asidhaniwe kuwa mjeuri. Ana haki.

Pili, asiyatenge tendo na sababu yake. Akiona, aulize. Na akiambiwa, atazame pia, kwa kuwa ni kweli kwamba twasema hivi na kutenda vile. Jicho na sikio ni ndugu. Mmoja akimwacha mwenzake hupotea njia.

Tatu, alichokichukua akirudishe. Aliyehesabu mbuzi wa kijiji akiambie kijiji hesabu yake. Aliyeandika habari za wazee awasomee wazee alichoandika, wapate kusema, "Hapa umekosa," au, "Hapa umesema kweli." Maneno ya watu ni kama chungu kilichoazimwa kwa jirani: hakuna ubaya kukiazima, ubaya ni kutokirudisha.

Tumalizie tulipoanzia. Baada ya siku arobaini tulikwenda kwa mama mdogo. Tulibisha hodi, tukakaribishwa, tukaketi chini, tukamwomba radhi. Kisha tukamwuliza swali ambalo ilitupasa kuliuliza tangu mwanzo. Alinyamaza kitambo, akasema: "Nilimuuguza miezi mitano, mimi na dada yangu, usiku na mchana. Nililia yote wakati ule, usiku, dada yangu akiwa amelala, asije akanisikia akakata tamaa. Siku ya msiba nikaona yeye ameanguka. Nikasema, wageni hawa watakula nini? Nani atateka maji? Nami nikilia, nani atamshika dada yangu?"

Tulikuwa tumeyafumba macho kwa aibu. Tukatoa daftari tuuchane ukurasa ule mbele yake. Akatuzuia mkono.

"Usichane, Mwalimu," akasema. "Uliloliona uliliona. Andika na hili chini yake, kisha unisomee."

Tukaandika, tukamsomea. Akatusahihisha mahali pamoja: haikuwa miezi mitano, alisema, ilikuwa miezi sita.